Januari Katika Ncha ya Denmark

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tukitajiwa Denmark hatufikirii bahari. Tunafikiria siagi, na walio Nairobi wanafikiria mtaa wa Karen. Kumbe ni nchi ya visiwa na rasi, imezungukwa na maji kila upande isipokuwa kipande cha kusini inapopakana na Ujerumani. Kaskazini kabisa, rasi ya Jutland inazidi kukonda hadi inabaki ulimi wa mchanga uliochomoza baharini. Ulimi huo huitwa Grenen, na mji wa jirani yake ni Skagen. Julai na Agosti hapana nafasi hata ya kutua mguu: magari yamejipanga, watoto wanalilia aiskrimu, na kila mtu anataka kupigwa picha. Nilikwenda Januari, nikaikuta pwani yenyewe.

Mwenyeji wangu alikuwa binti wa mjomba, aliyeolewa Aalborg na kuajiriwa huko katika nyumba ya kutunzia wazee. Nilipomwambia ninakotaka kwenda alicheka. "Kaka, mwezi huu wenye nchi wanakimbilia Hispania kutafuta jua. Wewe umetoka kwenye jua, Skagen unafuata nini?"

Nikamwambia nafuata bahari.

"Bahari ipo," akasema, "lakini haina salamu."

Hata hivyo aliomba ruhusa kazini, akanivika koti la mumewe lililonifika magotini, tukaondoka pamoja.

Råbjerg

Kutoka Aalborg kwenda kaskazini nchi ni tambarare. Mashamba yamekaa matupu, mengine yana ngano changa iliyopandwa kabla ya baridi, na juu yake mitambo ya upepo inazunguka. Ukishaipita Frederikshavn, bandari yenye meli za kuvukia Sweden, mashamba yanakwisha. Kinachofuata ni misonobari mifupi iliyopindishwa na upepo, vichaka vya kahawia na madimbwi yaliyoganda. Hapo ndipo mgeni anapoanza kuelewa kwamba udongo umemalizika. Kila kitu kimeota juu ya mchanga.

Tulifika Råbjerg Mile jua likiwa ndiyo kwanza linachomoza, na ilikwisha kupita saa mbili na nusu asubuhi. Hili ni tuta la mchanga lisilo na nyasi wala mti, kilele chake kipo karibu mita 40 juu ya usawa wa bahari, na linatembea. Lilianzia ufuo wa magharibi katika karne ya 16. Upepo wa magharibi huchota chembe upande wa nyuma, huzisukuma hadi kileleni, nazo huporomokea upande wa mbele. Hivyo, chembe kwa chembe, mlima mzima husogea kuelekea kaskazini-mashariki, hadi mita 18 kwa mwaka mmoja. Nyuma yake linaacha uwanda wenye kokoto na maji. Mbele yake misonobari imesimama kwenye foleni ya kufukiwa, na niliona mmoja ambao ulikuwa umebakiwa na kilele tu, kijani kibichi, kama hauna habari.

Matuta mengi ya Denmark yamefungwa kwa nyasi na miti. Hili serikali ililinunua makusudi, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, ili liachwe litembee, watu waone wenyewe balaa iliyowasumbua mababu zao ilikuwa ya namna gani. Nililipenda wazo hilo. Serikali nyingi zingejenga sanamu.

Mchanga wa juu ulikuwa umeganda usiku. Kila hatua ilivunja gamba jembamba, likatoa mlio wa ukoko wa wali unapobanduliwa sufuriani, na chini ya gamba mchanga ulikuwa mkavu na laini kama wa nyumbani. Kileleni upepo ulitupiga kutoka magharibi, lakini macho yalipata haki yake: mkono wa kushoto bahari ya Skagerrak, ya kijivu, yenye mistari myeupe ya mawimbi, mkono wa kulia Kattegat, imetulia. Kati ya bahari hizo mbili ardhi ni kipande ambacho mtu mwenye miguu mizuri angekivuka kwa asubuhi moja. Barabara kuu na reli ya Skagen zimepita humo humo, kwenye njia linakoelekea tuta. Lisipozuiwa litazifikia.

Kanisa lililomezwa

Kabla ya kuingia mjini Skagen pana mnara mweupe umesimama peke yake porini. Ndio mabaki ya kanisa la Mtakatifu Laurentius, lililojengwa karne ya 14 na kuwa miongoni mwa makanisa makubwa ya sehemu hizo. Karne ya 18 mchanga ulilifikia. Waumini wakawa wanakwenda ibadani na sepetu: mlango unachimbuliwa kwanza, sala baadaye. Mwaka 1795 mfalme akaruhusu lifungwe. Vyombo vikauzwa, ukumbi ukabomolewa na mawe yake yakauzwa pia. Mnara ukaachwa kwa sababu mabaharia walikuwa wakiutumia kuitambua pwani. Mpaka leo hupakwa chokaa nyeupe, na sehemu yake ya chini imo ardhini.

Mchanga haukujileta. Watu wa pwani hiyo walikata nyasi ngumu zinazoshika matuta wakazitumia kulisha mifugo na kuezekea nyumba, wakakata miti kwa ajili ya kuni, wakachunga ng'ombe na kondoo mpaka ardhi ikawa uchi. Dhoruba zikamalizia kazi. Mfalme Christian III alipiga marufuku ukataji huo mwaka 1539. Lakini mtu mwenye ng'ombe mwenye njaa na nyumba yenye baridi hasomi amri ya mfalme. Ilibidi kungoja karne ya 19, serikali ilipopanda nyasi na misonobari kwa mstari, ekari baada ya ekari. Msitu tulioupita asubuhi, ambao nilidhani ni wa asili, ni shamba la watu lililopandwa ili kuushika mchanga.

Sikuweza kusimama pale bila kuiwaza Shela. Matuta ya Shela, kisiwani Lamu, hayajafukia msikiti wala nyumba; ndiyo yanayopokea mvua na kuhifadhi maji matamu yanayonyweka Lamu mjini. Lakini kila nikienda kutembea huko nakuta majengo yamepanda juu zaidi. Binti wa mjomba, ambaye hajarudi nyumbani kitambo, aliniuliza kama visima bado vina maji matamu. Nikamwambia vinayo, kwa sasa.

Skagen mjini

Nyumba za Skagen karibu zote ni za manjano, na mapaa yao ya vigae vyekundu yana mstari mweupe pembeni. Jioni ya Januari, taa zikiwaka madirishani saa kumi na moja, manjano hiyo inakuwa na joto ambalo hewa haina. Wakazi hawafiki elfu kumi. Maduka mengi yalikuwa yamefunga hadi masika, na mitaani tulikutana na watu watatu na mbwa wanne.

Mji huu umepata jina kwa mambo mawili, samaki na wachoraji. Wachoraji walianza kumiminika miaka ya 1870, wakifuata mwanga. Kwa kuwa bahari iko pande zote, nuru hupiga majini ikarudi juu, na vitu vinaonekana kana kwamba vimeoshwa. P.S. Krøyer ndiye maarufu zaidi. Picha yake ya mwaka 1893, ya wanawake wawili waliovaa nguo nyeupe wakitembea ufukoni jioni ya kiangazi, imechapishwa kwenye kila kitu kinachouzika. Mimi nilimpenda zaidi Anna Ancher, ambaye katika kundi lile ndiye pekee aliyezaliwa Skagen, mwaka 1859, binti wa mwenye hoteli ya Brøndum. Wenzake walitazama nje, baharini. Yeye alichora vyumba: mwanamke anashona, ukuta wa buluu, kipande cha jua kimeangukia sakafuni. Katika nchi ambayo jua la Januari halikai hata saa nane, kipande kile ni mali, na aliyekulia pale alilijua hilo kuliko waliokuja.

Hoteli ya Brøndum bado ipo, na ina habari inayotuhusu. Humo ndimo Karen Blixen alimokaa miaka ya 1930 akiandika sehemu kubwa ya kitabu chake kuhusu shamba la kahawa chini ya vilima vya Ngong. Aliishi Kenya kuanzia 1914 hadi 1931, shamba likafilisika, akarudi kwao bila kitu. Kitabu kilitoka mwaka 1937. Wapo wanaokipenda kwa lugha yake, na wapo wasiovumilia jinsi kinavyowaelezea Waafrika. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alikwenda Denmark mwaka 1980 akawaambia Wadenmark wenyewe wazi wazi anavyokiona. Mimi niko upande wa Ngũgĩ katika mengi. Lakini niliposimama mbele ya hoteli ile, upepo ukipenya hata kwenye kitambaa cha masikio, nilielewa angalau jambo moja: mtu aliyekaa ndani ya baridi hii akiikumbuka Ngong lazima aikumbuke ikiwa na jua kupita kiasi.

Chakula tulikula bandarini. Skagen ni bandari kubwa ya uvuvi, na heringi na vibua hushushwa hapo kwa matani. Tulianza na heringi wa siki na vitunguu juu ya mkate mweusi wa rai, mzito, wenye uchachu; mgeni huhitaji vipande viwili kabla ya kuupenda. Kisha akaletwa gayogayo mzima wa kukaanga, ngozi imekauka na kulia chini ya uma, pamoja na viazi. Hakuna pilipili mezani, wala usiulize. Binti wa mjomba alitoa kwenye mkoba kichupa kidogo cha achari ya embe, akakiweka katikati ya meza bila kusema neno, na mhudumu akajifanya hakukiona.

Grenen

Asubuhi iliyofuata dhoruba iliyokuwa ikivuma wiki nzima ilikuwa imekufa. Wenye mji walitwambia tuna bahati. Tuliingia makumbusho kuziona picha, tukatawadha kabisa hotelini kwa maji ya moto, na baada ya adhuhuri tukaelekea nchani.

Njiani kuna minara ya taa, na mtu akiifuata kwa mpangilio wa umri anaisoma historia nzima ya pwani ile. Mfalme wa Denmark aliamuru taa iwekwe Skagen tangu karne ya 16, kwa kuwa meli zote za kwenda Baltiki zilipita hapa, naye alikuwa akizitoza ushuru zinapoingia mlango wa Øresund. Meli iliyozama haikulipa. Mwaka 1627 ikaja taa ya mzani: mti mrefu uliolala juu ya nguzo, ncha moja ina kikapu cha chuma chenye makaa yanayowaka, ncha ya pili inavutwa chini ili kikapu kipande juu. Mfano wake umejengwa upya na upo ufukoni. Mwaka 1747 ukajengwa mnara mweupe wa matofali, na mwaka 1858 mnara wa kijivu wenye mita 46, ambao sasa ni kituo cha kutazamia ndege wanaohama.

Taa zote hizo hazikutosha. Tarehe 27 Desemba 1862 brigi ya Sweden iitwayo Daphne ilikwama kwenye fungu la mchanga, na wavuvi wa Skagen wanane waliotoka kwenda kuiokoa wakafa maji. Mvuvi aliyeitwa Lars Kruse ni miongoni mwa waliorudi tena baharini baada ya maiti za wenzao kuhesabika, na mabaharia wakaokolewa. Mshairi Holger Drachmann alimwandikia kitabu mwaka 1879. Drachmann mwenyewe alifariki mwaka 1908 na kuzikwa humu humu kwenye matuta, mahali anapoisikia bahari. Tulipita kaburini kwake. Kuzunguka pale kuna maboma ya zege yaliyoachwa na Wajerumani wa vita vya pili vya dunia. Yalijengwa kwenye matuta, mawimbi yakala mchanga chini yake, na sasa yameinama ufukoni kila moja upande wake, mwani umeyaota.

Kiangazi kuna trekta linalovuta behewa la abiria hadi nchani. Baridi halipo, na afadhali. Tulitembea ukingoni mwa maji, ambapo mchanga ni mgumu, Kattegat ikiwa upande wetu wa kulia. Upepo haukuwepo kabisa. Baridi ilikuwa ya kusimama, isiyosukuma, inayokaa usoni kama haina haraka. Jua lilikuwa chini sana kusini, limetupa vivuli vyetu mbele, virefu kuliko minazi, na kila kokoto ilikuwa na kivuli chake. Kwa mbali upande wa Kattegat meli za mizigo zilikuwa zimetia nanga, nyingi, zikijikinga na hali ya hewa ya magharibi au zikingoja amri ya matajiri wao. Mtu wa Mombasa angedhani yuko Nyali anazitazama zinazongoja zamu ya Kilindini.

Kitu kimoja kilinisumbua kwa muda kabla sijakitambua: maji hayakuwa na tabia ya kwenda na kurudi. Kwetu bahari ikipwa inakwenda mbali hadi mwambani, akina mama wanaingia na ndoo kuchokoa pweza, ngalawa zinalala ubavu. Ikijaa inapiga ukuta. Skagen kupwa na kujaa hakuzidi shubiri mbili. Bahari inakaa pale pale mchana kutwa. Ikisogea, ni upepo umeisukuma.

Ufuo wenyewe baada ya dhoruba ni wa kutazamwa kwa kuinama. Mstari wa mwani mweusi ulikuwa umetupwa juu, na ndani yake: vipande vya mbao vilivyolainika, kome wa buluu, yavuyavu waliogandishwa na baridi wakawa vioo, kamba ya wavuvi ya rangi ya chungwa, mawe ya gumegume yenye tundu. Hapo ndipo tulipomkuta mzee aliyevaa suruali ya kivuvi ya mpira, ana fimbo fupi yenye ncha na tochi imening'inia kifuani. Alikuwa akiupekua mwani polepole, hatua moja, anasimama, hatua moja. Alikuwa anatafuta kaharabu.

Binti wa mjomba alinifasiria. Kaharabu, alisema mzee, ni nyepesi. Katika maji ya chumvi inakaribia kuelea. Maji yakiwa baridi sana yanakuwa mazito zaidi, na dhoruba ikichimbua chini inaipandisha. Lakini haiji wakati wa dhoruba. Inakuja dhoruba ikifa, mawimbi yanapopungua nguvu na kuuacha mwani. Ndiyo maana kiangazi ni bure kuitafuta. Na usitazame mawe, akasema, tazama vijiti vyeusi, kwa kuwa uzito wao ni mmoja na bahari huviweka pamoja. Usiku hutumia tochi ya mwanga wa zambarau unaoifanya kaharabu ing'ae kati ya takataka.

Alitoa mfukoni kopo la dawa, akamimina kiganjani. Zilikuwa kama tano, kubwa yao haikuzidi punje ya mahindi, za rangi ya asali na moja ya maziwa. Nilidhani ni kokoto. Akanionyesha namna ya kujaribu: akaigonga polepole kwenye jino lake la mbele, akanipa jiwe la kawaida nifanye hivyo hivyo, kisha akanipa kaharabu. Jiwe linalia na ni baridi hadi ufizini. Kaharabu inagusa jino kimya, na ina uvuguvugu, hata katika baridi ile. Ni utomvu wa misitu iliyokufa zaidi ya miaka milioni 30 iliyopita. Watu wa bahari hizi wameifanyia biashara tangu zama za kale, na imekutwa hata katika makaburi ya Mycenae huko Ugiriki. Nilimwambia mzee kwamba kwetu naijua kama tasbihi, katika mikono ya wazee wanaokaa barazani baada ya alasiri. Akauliza kama kwetu inapatikana ufukoni. Nikasema hapana, huja na watu kutoka Uarabuni. Akafikiri kidogo. "Basi imetoka hapa, ikazunguka," akasema, akarudi kwenye mwani wake.

Ncha yenyewe haina alama. Mchanga unazidi kuwa mwembamba, upande wa kushoto Skagerrak inakusogelea, upande wa kulia Kattegat inakusogelea, na mwisho unasimama mahali ambapo mguu mmoja unaweza kuuweka huku na mwingine kule. Siku ile, pamoja na utulivu wote, mawimbi ya Skagerrak yalikuwa bado yana kumbukumbu ya dhoruba, yanakuja marefu kutoka kaskazini-magharibi. Ya Kattegat yalikuwa madogo, ya haraka. Yalikutana mbele yetu kwa pembe. Wimbi la huku na wimbi la kule yanapandana, yanainua ukuta mdogo wa maji unaokwenda wima juu, kisha unaanguka mahali pale pale bila kwenda kokote. Na hilo hufanyika kwenye mstari mrefu unaoingia baharini mpaka macho yanaupoteza. Sauti yake ni ya makofi, mengi, yasiyolingana.

Wengi wetu tumeshatumiwa kwenye simu ile video ya bahari mbili zisizochanganyika, mara nyingine pamoja na jina la Denmark. Tafsiri ya aya ya Kurani inayotajwa pamoja nayo niwaachie wanavyuoni. Mimi naeleza nilichokiona. Maji yanachanganyika. Yale ya Kattegat yana chumvi pungufu kwa sababu yamebeba maji ya mito yote inayoingia Baltiki, na siku hiyo rangi yake ilielekea kijani wakati ya Skagerrak ilikuwa ya kijivu, lakini mpaka kati yake ulikuwa povu tu, unahama kila pumzi. Kinachogongana ni mawimbi na mikondo. Mchanga unaosombwa na mikondo hiyo kutoka ufuo wa magharibi ndio unaotua hapa, na kwa ajili hiyo Grenen hurefuka mita kadhaa kila mwaka. Bahari inanyang'anya huku na kulipa kule.

Hatua chache kutoka majini sili alikuwa amelala mchangani, mnene, kijivu chenye madoa. Alitufungulia jicho moja jeusi, akatuona si kitu, akalifunga. Hairuhusiwi kumsogelea, nasi hatukumsogelea.

Tuliswali alasiri pale pale, lile koti nililoazimwa likiwa mswala. Kibla cha huko ni kusini-mashariki, kwa hiyo tulielekea Kattegat na zile meli. Januari sala za mchana zinabanana: adhuhuri mpaka magharibi hazipiti hata saa nne. Tulipomaliza jua lilikuwa limekwisha kugusa maji. Tulifungua chupa ya chai ya tangawizi, tukanywa tukiwa tumesimama kwa kuwa kukaa kulikuwa kujitafutia ugonjwa, na hatukuzungumza sana. Binti wa mjomba alisema jambo moja tu, kwamba ameishi nchi hii miaka yote hii na hakuwahi kufika. Saa kumi na robo hivi jua lilizama, na kwa kuwa huko giza haliingii kwa ghafla kama kwetu, tulirudi Skagen na mwanga wa buluu ambao ulitutosha njia nzima.

Rubjerg Knude

Tuliporudi Aalborg tulipitia ufuo wa magharibi kuuona mnara wa Rubjerg Knude. Uliwashwa mwaka 1900 juu ya jabali la udongo, kiasi cha mita 200 kutoka baharini. Bahari ilikula jabali, upepo ukapandisha mchanga mbele ya mnara hadi meli hazikuuona mwanga, na mwaka 1968 ukazimwa. Kufikia 2019 ulikuwa umebakiza mita chache tu uanguke. Tarehe 22 Oktoba mwaka huo mafundi waliuinua mzima mzima, tani zaidi ya 700, wakauweka kwenye reli na kuusogeza mita 70 ndani. Nchi nzima ilitazama kwenye televisheni. Hawadai kuwa wameuokoa. Wanasema wameupatia miongo michache zaidi. Baadhi ya Wadenmark waliona ni fedha za umma zilizopotea. Mimi nawaunga mkono waliousogeza mnara, ingawa ningekuwa mlipa kodi wa huko pengine ningesema vingine.

Ukibahatika kufika Denmark, jitahidi iwe kati ya Desemba na Februari, siku moja au mbili baada ya dhoruba, upepo ukishalala. Vaa nguo tatu chini ya koti, beba chai, na toka mapema kwa sababu jua la huko halimngoji mtu. Grenen tembea hadi mwisho, lakini ishia kulowesha kiatu. Kuogelea hapo ni marufuku mwaka mzima, na mikondo yake haibagui ajuaye kuogelea na asiyejua.